Mlango Uliopungua

Sietske Hoekstra alikuwa ameupima mlango wa chumba cha kufulia kwa mkono wake wiki mbili nyuma: sentimita mia moja thelathini na moja. Mashine ya kupigia pasi mashuka aliyotumwa kuifunga humo ilikuwa na mia ishirini na nane. Jumanne asubuhi, lori likiwa limeshaegeshwa uani mwa nyumba ya wazee pale Dokkum, akapima tena. Mia ishirini na nne.

"Hebu soma wewe," akamwambia Wobbe, fundi mwenzake.

"Nimesoma. Mlango umekonda, bosi."

Hidde, mtunza jengo, alisimama kando, mikono mifukoni. "Ni mbao hizo. Zimevimba kwa mvua."

"Zimevimba sentimita saba, mzee?"

"Mimi si seremala."

Sietske alinusa fremu. Rangi mbichi. Akaigonga kwa kidole, ikalia kama sanduku tupu. Dirishani, wanawake watano wa chumba cha kufulia walikuwa wakimtazama.

"Nani kakutuma?" akamuuliza Hidde taratibu.

Hidde akaangalia viatu vyake. Aliyejibu ni Foekje, mkubwa wa wafuaji, aliyetoka akijifuta mikono kwa aproni.

"Usimwandame. Nilimwomba mimi. Dude hilo likiingia, watatu kati yetu hatuna kazi. Andika halipiti, dada, ujiendee zako."

"Nikiandika hivyo, kesho ataletwa mwingine na vipimo vyangu mkononi. Atauliza nani kaongeza mbao. Wa kwanza kufukuzwa ni huyu."

"Au utamsema wewe mwenyewe."

"Nimsemee ya nini?"

"Sikujui," Foekje akasema. "Nitajuaje?"

Sietske alichukua mtaimbo mwenyewe, hakumpa Wobbe, akazibandua mbao moja moja na kuzificha chini ya turubai la lori. Kufikia adhuhuri mashine ilikuwa ndani, imepita ikibakiza upana wa kidole kila upande. Kwenye fomu akaandika kwamba kazi imekwisha, hakuna tatizo. Foekje aliisoma fomu ile mara mbili, akaigeuza kuangalia nyuma, ndipo akamrudishia.

Majira ya kuchipua, wanawake watatu waliachishwa kazi, Foekje akiwa mmoja wao. Hidde alibaki. Kila anapomwona Sietske sokoni huvuka kwenda upande wa pili wa barabara, na Sietske hajui kama ni aibu, au Hidde bado anangoja siku atakapotajwa kwa ajili ya zile mbao.