Mpira Ulikuwa Ndani

Akiror alifika kiwanjani asubuhi, akanyunyiza maji, akafagia, kisha akavuta kamba na kuipitishia mistari chokaa mpya. Kiwanja hicho cha tenisi, hapa Busia upande wa Uganda, hakina hata chembe ya saruji. Ni udongo wa kichuguu uliobebwa kwa mabeseni kutoka Petta, ukapondwa, ukachanganywa na samadi, kisha wanawake wakapiga magoti na kuusiriba kwa viganja kama wanavyosiriba sakafu za nyumba zao. Akiror alikuwa mmoja wao, msichana bado. Goti lake la kulia liliharibikia pale, ingawa yeye humlaumu Damalie.

Damalie wa Masafu ndiye aliyekuwa mpinzani wake. Ujanani waliitwa wote wawili Kampala kugombea nafasi moja ya kuichezea Uganda. Walitoshana nguvu hadi mpira wa mwisho, ambao Akiror aliupiga ukaangukia mstari. Mwamuzi alikuwa anafuta miwani. Alipomuuliza Damalie, Damalie akasema nje, na ni yeye aliyevaa jezi ya taifa, huku Akiror akirudi nyumbani kwa basi. Tangu hapo wamezikiana wazazi na kuchezeana harusi za watoto, lakini hawajawahi kuonana bila kuutaja mpira ule.

"Ulikuwa ndani," husema Akiror.

"Nje," husema Damalie.

Asubuhi hiyo walikuwa wameanza kucheza alipokuja Osborn, mtumishi wa ofisi moja ya mjini, akifuatwa na tingatinga. Alisema kiwanja kimeuzwa. Mwenye malori amekinunua ili matrela yanayosubiri kuvuka mpaka yapate pa kulala.

"Nani aliuza?" aliuliza Akiror.

"Mama, hiyo mimi sijui. Mimi natumwa tu."

"Na sisi wenye tulisiriba, nani alituuliza?"

"Karatasi haisemi mambo ya kusiriba."

Akiror aliinua raketi. Angempiga raketi ya kichwa kama si heshima ya mama yake Osborn, aliyesali naye kanisa moja. Dereva wa tingatinga, Mangeni, alizima injini. Alisema yeye hawezi kuchimbua kiwanja watu wakiwa katikati ya mchezo, hiyo si adabu. Osborn akaona shauri hilo halina hasara. Vikongwe wawili watacheza mpaka lini?

"Basi malizeni mchezo yenu," alisema, "halafu mufunge wavu."

Wakaendelea. Kila mtu wa sehemu hizi anajua namna ya kuwatoa kumbikumbi: unagonga kichuguu kwa vijiti, polepole kisha harakaharaka, mpaka walio chini wadhani mvua imeanza. Siku hiyo mpira uligonga hivyohivyo. Ilikuwa katikati ya kiangazi, na kumbikumbi wakatoka kwenye mistari ya chokaa, wakaruka. Wanawake waliokuwa wakipita wakaweka mizigo chini na kuwaokota. Mchwa waliobaki ndani wakaanza kazi yao, nacho kiwanja kikaanza kukua.

Kufikia saa ya chakula kilikuwa kimefika usawa wa kiti. Siku zilizofuata kilipanda kwa kadiri walivyocheza, kikapita ua, kikapita kichwa cha tingatinga. Mangeni akachonga ngazi ubavuni ili watu wasiumie. Mara moja Damalie alimhurumia Akiror kwa ajili ya goti, akampigia mpira laini wa kitoto, na kiwanja kikashuka shubiri nzima. Hakurudia tena. Udongo ule ulitaka kugongwa na watu wasiotaka kushindwa, na kwa hilo ulikuwa umepata wenyewe hasa.

Osborn alipochoka kungoja, alipanda ngazi na kumvuta Akiror kando.

"Mama, wewe maliza tu. Huyu amechoka, unaona. Tutakupa kikombe. Na ofisi itaandika ule mpira ya zamani ilikuwa ndani. Na muhuri."

Hayo maneno Akiror alikuwa ameyangoja maisha yake yote, na sasa yalikuwa yanaletwa na mtu aliyekuja na tingatinga. Aliyataka, tena sana. Alirudi mahali pake.

Mpira ukaenda na kurudi mpaka Damalie akateleza, upande wake wa kushoto ukabaki wazi. Akiror hakuwahi kujifunza kumwonea mtu huruma uwanjani. Aliupiga mpira kwa nguvu zote za bega. Ukaangukia mstari, chokaa ikaruka, ukatoka bila kuguswa.

Ulikuwa ndani, na mchezo ulikuwa umekwisha. Chini, tingatinga jingine lililoletwa na mnunuzi likawashwa.

Damalie aliutazama mstari, akatazama malori yaliyojipanga barabarani, akafuta jasho.

"Nje," alisema.

"Mama, chokaa iliruka!" alisema Osborn. "Mimi mwenyewe naona. Mama Akiror, sema. Si mpira iko ndani?"

Akiror alikuwa ameiona chokaa vizuri kuliko wote. Akamtazama Damalie, naye Damalie hakugeuza macho, kama siku ile ya Kampala.

"Kama amesema nje, iko nje," alisema Akiror. "Turudie."

Osborn alishuka ngazi, na lile tingatinga likazimwa. Wakarudia, na tangu siku hiyo wanarudia.

Kiwanja hakikurudishwa. Mauzo hayakufutwa, na aliyeuza hajulikani mpaka leo, ingawa nyumba yake mpya inajulikana. Matrela yamejaa kila upande wa ile nguzo ya udongo, geti lina kufuli, na Omaido, mlinzi, ameagizwa asiwaruhusu vikongwe kuingia tena wakitoka. Kwa hiyo hawajashuka. Mangeni huwapandishia kalo, ule ugali wa ulezi, na samaki kwa kijiko cha tingatinga, mchana, mnunuzi akiwa ameenda kula. Madereva wanaolala chini wamezoea mlio wa mpira juu ya vichwa vyao, na wageni wakiuliza huambiwa ni Akiror na Damalie, wanacheza.

Kutoka juu huko Akiror anauona mwamba wa Tororo upande mmoja na Kenya upande wa pili. Goti linamuuma. Kila asubuhi hupaka mistari chokaa, hurusha mpira hewani, na kabla ya kuupiga husema kwa sauti ya kusikika mpaka getini:

"Ule wa Kampala ulikuwa ndani."

"Nje," hujibu Damalie, akiinua raketi. "Leta."