Udongo Uliotaka Kuhamia kwa Shemeji

Jana usiku niliota kwamba udongo wa shamba langu unahama.

Mchana wake nilikuwa nimeng'oa marando yote ya viazi yaliyofunika mteremko, nikapanda maharage mahali safi. Mke wangu, Nakiete, aliniambia, "Baba Eliamani, umeuvua udongo nguo, na mvua hiyo inakuja." Nilimjibu kwamba shamba halina haya.

Basi ndotoni ni asubuhi, na udongo umesimama mlangoni, uchi, umejisitiri kwa ungo.

"Nakwenda kwa shemeji yako kule bondeni," unasema. "Yeye ana nyasi."

"Utakwendaje?"

"Nasubiri usafiri."

Usafiri ni mvua. Tone la kwanza linatua mbele yangu, zito, limevaa buti.

"Hodi! Rando yupo?"

"Hayupo. Nilimng'oa."

"Aa. Yeye hutupokea juu kwenye majani, hutuvua viatu, nasi tukashuka polepole hadi chini. Kama hayupo, tunakanyaga tu."

Linakanyaga. Udongo unaruka, matone mengine yanaudaka, yanaubeba mgongoni na kuteremka mbio.

Mara tuko ofisini. Karani ni rando lililonyauka, linagonga mihuri. Nyuma yangu udongo wangu umepanga foleni, konzi baada ya konzi, kila moja imekumbatia mbegu zangu.

"Ndugu karani, usiwape ruhusa," nasema. "Watoto watano wanakula hapo."

"Mfunika ardhi ni nani?" linauliza bila kuinua kichwa. "Nafasi hii haiachwi wazi."

"Niandike mimi."

"Urefu?"

"Futi tano na nusu."

"Haya, lala."

Nalala kifudifudi, nimetandaza mikono, na ofisi imeshakuwa mteremko tena. Matone yananitwanga mgongoni. Kushoto udongo unaondoka. Kulia unaondoka. Najinyoosha mpaka viungo vinalia, sitoshi. "Ngojeni!" napiga kelele. Hakuna anayengoja. Chini ya tumbo langu tu, konzi chache zinapumua.

Niliamka Nakiete akiniita kutoka shambani. Mvua ilikuwa imenyesha kweli. Mteremko wote ulikuwa umechimbika mifereji, na mbegu zilikuwa zimekwenda. Yeye alisimama katikati, akitazama chini.

"Baba Eliamani, hebu njoo. Nani alilala hapa?"

Palikuwa na kipande cha udongo mkavu, laini, ambao haukuguswa na tone hata moja. Kilikuwa na kichwa, na mikono miwili iliyotandazwa.