Baba kwa Kikurya

Machage aliusikia wimbo ule kwa mara ya kwanza akiwa mwaloni Matongo, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu, tope limemfika viwikoni. Redio ilikuwa ya mama mmoja muuza chai. Mtangazaji wa Mwanza alikuwa akimwaga sifa: msanii mpya, kijana kutoka Tarime, wimbo wa kumshukuru mzazi. Ngoma ikaingia, na juu ya ngoma ikaja sauti ya mwanamke analia, "Baba, baba, baba." Machage akaliachia karai, mchanga wa watu ukaenda na maji. Sauti ile ilikuwa ya Mokami, mama yake mzazi.

Sasa tuelewane mapema, maana hapa ndipo mtu mzima mwenye akili zake alipojikwaa. Kwa Kikurya, baba ni mama. Yule ambaye Waswahili wanamwita baba, Mkurya anamwita tata. Mokami hakuwa akimlilia mwanaume yeyote. Alikuwa akimlilia mama yake, bibi Bhoke, siku ya msiba, ameketi chini na mikono kichwani. Machage alimrekodi kwa simu yake ya Kichina kwa sababu alijua hatausikia tena uchungu wa namna ile, akataka uingie kwenye wimbo wa bibi.

Wimbo huo alikuwa autunge na Osward. Wawili hao walikuwa kundi, wakajiita Karasha, jina la mashine ya kusagia mawe, kwa kuwa walifahamiana wakiilisha mashine hiyo. Baba yake Osward, mzee Cleophas, alikuwa afisa mifugo aliyehamishiwa Tarime kutoka Bukoba, na kijana mwenyewe alimfuata akiwa ameshaota ndevu. Kikurya chake kilikuwa cha kusalimia na kutukana tu. Walikubaliana Machage abaki duarani, kwenye shimo la dhahabu, akichimba, na Osward achukue flashi yenye kilio aende Mwanza kutafuta studio.

Studio akaipata. Akamfuta Machage, akamfuta na bibi. Akasikia "baba" kama mgeni yeyote angesikia, akamtungia mzee Cleophas shukrani ndefu za malezi na ada za shule, na kila baada ya ubeti anamwachia Mokami alie. Hakuuliza hata mtu mmoja. Mwizi mvivu ni balaa mara mbili.

"Huyu nitamla mbichi," Machage alisema.

Aliyeambiwa ni Faridu, fundi redio wa Tarime mjini, ambaye studio yake ilikuwa chumba cha nyuma ya duka la vitambaa.

"Wenzako huwa wanakwenda polisi," Faridu akasema.

"Nikawaambie nini? Nimeibiwa kilio?"

Jibu la Faridu lilikuwa santuri. Marehemu baba yake alipohama Tanga kuja kuuza vitenge huku alikuja na masanduku ya santuri za soul na funk, za Wamarekani weusi, na hadi anakufa hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Faridu alizigusa. Aliweka sindano, akasikiliza mpaka apate pigo la ngoma linalosimama lenyewe, au besi inayotembea, au mwanamke anayevuta pumzi kabla hajaimba. Akakikata kipande hicho na kukirudisha tena na tena mpaka kikawa ngoma mpya. Wenyewe wanaita sampo. Machage alielewa haraka kuliko Faridu alivyotarajia. Alishawahi kuishi kwa kifusi, yale mawe ambayo wenzake wameyatupa, ukiyasaga upya na kuyaosha upya yanatoa dhahabu. Albamu yake ya kwanza akiwa peke yake akaiita Kifusi.

Ilikuwa albamu nzuri, na siisemi kwa kumpendelea. Kulikuwa na wimbo wa matimba, yale magogo yanayozuia duara lisiwaangukie watu, na kinanda chake kilikuwa kinalia pole pole kama mbao zinazoelemewa. Kulikuwa na wimbo wa wasichana wa Nyamwaga wanaowakataa wachimbaji kwa harufu. Lakini hata humo hasira ilipenya.

"Huu wa matimba angalau umemsahau Osward," Faridu alisema siku moja.

"Sikiliza mstari wa mwisho."

Faridu akasikiliza, akatikisa kichwa.

Wimbo aliokuwa akiulenga tangu mwanzo ulikuja mwishoni. Faridu alikuwa amepata santuri yenye tarumbeta za kejeli, zinapanda halafu zinaporomoka kwa kicheko. Machage akatoa simu yake ya Kichina, ambamo kile kilio bado kilikuwemo kizima, akasema anataka neno moja tu.

"Mama yako anajua?" Faridu akauliza.

"Atajua ukishafika redioni."

"Machage, hiki ni kilio cha msiba. Tukiweke kizima, na jina la bibi. Watu watalia wenyewe, na Osward ataumbuka bila kutukanwa."

"Sitaki walie. Nataka wacheke mpaka akose pa kujificha. Kata."

Faridu akakata. Mokami akisema "baba", tarumbeta zinaporomoka, na Machage anauliza kwa sauti ya mwalimu, "Nani huyo?" Kiitikio kinajibu, "Mama!" Kisha anauliza, "Na mama yake Osward?" Kiitikio kinajibu, "Cleophas!" Siku walipomaliza, Machage alicheka peke yake njia nzima hadi Matongo, na dereva wa bodaboda akadhani abiria wake amelewa.

Nafasi ya kuufyatua ilikuja yenyewe. Osward, sasa staa, alirudi kufanya shoo ya mchana uwanjani Nyamwaga, na kwa kujisafisha machoni pa watu akampigia simu mwenzake wa zamani.

"Kaka, yaishe. Nimekuwekea nafasi ya kufungua shoo."

"Yataisha," Machage akamwambia.

Uwanja ulijaa wachimbaji, wauza ndizi na walimu wenye miavuli. Mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mzee Cleophas na koti la suti, amekuja kusikia wimbo wake. Machage alipanda, akamtazama yule mzee, akainama kidogo. "Shikamoo, mzee." Cleophas akaitikia kwa furaha. Kisha Faridu akaiachia ngoma.

Mara ya kwanza watu walisikiliza. Mara ya pili walielewa, na Wakurya wakielewa jambo la namna hiyo hawalisamehe. "Nani huyo?" "Mama!" "Na mama yake Osward?" Uwanja mzima ukajibu, vidole vyote kwenye lile koti la suti. Wanaume walishikana mabega wasianguke. Osward alipopanda baadaye, hakufika hata ubeti wa pili. Kila "baba" aliyoitoa spika yake ilijibiwa, na mwisho aliomba muziki uzimwe.

Mzee Cleophas alimuuliza jirani yake watu wanasema nini. Akaelezwa. Akasogea hadi kwenye jukwaa na kumuuliza mwanawe, "Huyo anayelia ni nani?"

Osward akatazama viatu vyake. "Mama yake Machage."

Mzee akamgeuzia mgongo. Alivua koti, akalikunja, akashika njia ya kurudi kwake kwa miguu, na watu wakampisha wakiwa bado wanacheka. Machage aliyaona yote hayo na yakamshuka kooni kama maji ya baridi. Asikudanganye mtu kwamba kisasi hakina utamu. Alilala usingizi ambao hakuupata tangu siku ile ya mwaloni.

Kifusi ikasambaa. Bodaboda waliipiga, kwenye mashine za kusaga waliipiga, hadi Mugumu watu wakaitikia. Redio ziliutupa wimbo wa Osward, na mwenyewe hakuonekana tena Tarime. Kuhusu Osward, Machage hakujuta, si wakati ule wala baadaye.

Mokami hakuwa na redio. Alikwenda sokoni Nyamwaga na mikungu yake ya ndizi, akarudi mapema, mikungu ikiwa ileile. Machage alikuwa uani akinoa sururu. Mama yake akatua mzigo, akakaa juu ya jiwe.

"Nimejisikia nikilia sokoni," akasema. "Kwenye spika ya wauza nguo. Watoto wakaweka mikono kichwani, wakaniigiza. Watu wazima wakacheka, na hao wazima wengine walikuja kuzika."

"Wanamcheka Osward," Machage akasema. "Alikuibia sauti. Alimtungia tata yake uongo juu ya kilio chako. Nimekulipizia."

"Nimeelezwa. Huyo Osward hakujua namlilia nani." Mokami alikuwa anazungumza taratibu, hakupandisha sauti hata kidogo. "Wewe ulikuwepo. Wewe ulishika jeneza."

Machage alitaka kumwita kwanza, ndipo amweleze. Alifungua kinywa kulitoa lile neno la Kikurya alilomwita tangu aanze kusema, na kabla halijatoka akazisikia tarumbeta, na kicheko, na uwanja mzima ukimjibu. Akafunga kinywa.

Mokami alingoja kidogo aitwe. Kisha akainuka, akaibeba mikungu yake mwenyewe na kuingia ndani.