Elektroni Iliyonaswa

Hildegarda alikuwa akifundisha fizikia katika sekondari moja ya Mikumi, huku akisomea shahada ya uzamivu Dar es Salaam. Mama yake, Generoza, mkulima wa mpunga wa Tindiga, alikuwa ametibiwa saratani kwa mionzi akapona. Siku walipotoka hospitali, mama aliuliza ile mionzi ilimfanya nini hasa ndani ya mwili. Binti yake, pamoja na ualimu wake wote wa fizikia, hakuwa na jibu la kumridhisha.

Ndiyo maana akachagua utafiti huo. Mionzi ikipita mwilini hung'oa elektroni nyingi, nazo huzigonga molekuli za jirani. Nyingi hupita tu. Nyingine hunaswa na molekuli kwa kitambo kifupi mno, halafu huachiwa. Wanafizikia huiita hali hiyo resonansi, na kitambo hicho chaweza kutosha kuivunja molekuli. Profesa Yared, msimamizi wake, alimpa molekuli ya dawa mpya ambayo watafiti walitumaini ingesaidia mionzi kuua seli za saratani. Hildegarda alitakiwa kukokotoa elektroni ingenaswa ikiwa na nishati kiasi gani. Hakuna maabara iliyokuwa imepima.

Alipata jibu. Profesa alifurahi, akampa nafasi ya kuzungumza kwenye kongamano la Morogoro.

Kongamano lilipokaribia, Hildegarda alirudia hesabu kwa tahadhari tu. Katika hesabu hizo elektroni huwekwa ndani ya boksi la kufikirika. Boksi likipanuliwa, nishati za elektroni zinazopita hushuka. Nishati ya elektroni iliyonaswa kweli hubaki karibu palepale, kwa kuwa imeshikwa na molekuli, si na kuta za boksi. Alipanua boksi. Jibu lake likashuka pamoja na nishati nyingine, yaani elektroni ile haikuwa imenaswa.

Mwalimu Mudi, aliyefundisha kemia na kompyuta shuleni hapo, alimshauri awasilishe tu, marekebisho yangekuja baadaye. Nani angeuliza habari za boksi? Hildegarda alilifikiria jambo hilo tangu asubuhi, hata vipindi vyake akavifundisha vibaya. Jioni akapiga simu.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, Hilda. Umemaliza slaidi?"

"Bado. Jibu letu si la kweli. Nimepanua boksi, limeshuka."

Profesa akaomba atumiwe hesabu zote. Kesho yake akaandika kwamba ameona ni kweli, na kwamba yeye mwenyewe alipaswa kumdai jaribio hilo mapema. Nafasi ya Morogoro akapewa mtu mwingine.

Mwisho wa wiki Hildegarda alikwenda Tindiga kumsaidia mama kuvuna. Alikuwa akiruka mashina mengine bila kuyakata, mpaka mama akamuuliza kulikoni. Akamweleza kwamba kazi imeharibika na hajui kama ataianza upya.

"Mimi duru ya kwanza ya mionzi haikunitosha," mama alisema. "Waliponiita tena, nilirudi."

Wakaendelea kukata mpunga.

Hildegarda alirudi Mikumi akaanza kutafuta kosa. Alilipata: elektroni iliyoshikwa kwa ulegevu hutanda mbali na molekuli, naye katika hesabu alikuwa ameipa nafasi finyu. Kuipa nafasi ya kutosha kulihitaji kompyuta zenye nguvu, na foleni ya zile za chuo ilikuwa ndefu. Shule ilikuwa inafunga kwa likizo. Mudi ndiye aliyemwendea mkuu wa shule kuomba chumba cha kompyuta, kisha akaziunganisha mashine zote zifanye kazi moja.

Hesabu ilikuwa imefika mbali tembo kutoka hifadhi ya jirani walipoingia mjini wakaangusha nguzo ya umeme. Kila kitu kikapotea. Hildegarda aliketi kwenye ngazi za darasa, hana hata hamu ya kula. Umeme uliporudi, Mudi alitengeneza utaratibu wa kuhifadhi kazi kila baada ya muda, wakaanza upya.

Adhuhuri moja grafu ikatokea. Mistari ya nishati ilishuka kadiri boksi lilivyopanuka, isipokuwa mmoja.

"Huu haushuki," Mudi alisema.

Hildegarda alivuta kibodi. Alipanua boksi tena, na tena. Mstari ulibaki palepale. Ndipo alipoegemea kiti akacheka huku machozi yakimtoka.

Safari hii Profesa Yared alimdai kila jaribio alilolijua, na jibu likastahimili. Miezi ilipita kabla maabara moja ya ng'ambo haijaipima dawa ile. Kipimo chao kikaja karibu sana na jibu la Mikumi. Katika kongamano lililofuata Hildegarda alizungumza. Daktari mmoja alimuuliza kama dawa hiyo itaponya watu. Alijibu kwamba bado hajui, ila sasa wanajua pa kuanzia kutafuta.

Mudi alikuwa ameketi safu ya nyuma. Watu walipotoka kwenda kunywa chai, alimfuata Profesa Yared, akamwamkia, akamuuliza kama angeweza kumpokea kwa shahada ya uzamili.