Imetua Saa Nane na Dakika Kumi na Mbili

Uwanja wa ndege ulikuwa unafungwa siku ile, na watu wakauvalia nguo za sikukuu kana kwamba ndiyo kwanza unafunguliwa. Ajabu ya binadamu! Miaka nenda rudi walikuwa wakiusema: choo hakina maji, viti vimechanika, ndege ni moja kwa siku na nayo huja ikipenda. Sasa uwanja mpya umejengwa mji wa pili, huu unakufa, na kila mtu anapenga kamasi. Ndivyo tulivyo, sifa zote tunamwekea marehemu.

Mzee Masikio hakuja kuulilia. Alikuja kuiba daftari lake mwenyewe.

Jina la Masikio alipewa kazini. Alikuwa dereva wa gari la zimamoto hapo uwanjani kwa miaka thelathini, na ndege alizipenda mpaka wenzake wakamwona ana walakini. Hata siku ya mapumziko ungemkuta kwenye uzio, daftari mkononi, anaandika namba iliyochorwa mkiani na saa ndege ilipotua. Ndege ikiwa bado nyuma ya vilima, yeye kwa mlio tu alikuambia ni ipi, na pangaboi la upande gani linataka fundi. Hakuwa akikosea, na watu wakamzoea hivyo, naye akajizoea.

Madaftari yalikuwa ishirini na mawili, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Fundi saa, mtu aliyehamia mjini miaka michache tu iliyopita na kujifanya kiongozi wa wapenda ndege wote, alimfuata mara tatu akiyataka kwa maonyesho ya siku ya kufunga. Mara tatu akajibiwa yameliwa na mchwa. Ya nne akapita nyumbani mzee hayupo, akamkuta mkewe.

"Mchwa gani hao wanaokula bati?" mama wa watu akashangaa, akayatoa yote, akayafuta vumbi moja moja. Mumewe aliporudi akamkuta ana furaha ya ajabu. "Mume wangu, acha aibu. Kazi yako ionekane, japo mara moja kabla hatujafa."

Mzee hakulala siku mbili. Kwani angesema nini? Kwamba katika daftari la tisa, lile lenye jalada la kijani, kuna mstari mmoja ambao mkewe akiusoma, miaka yao iliyobaki pamoja imekwisha?

Sasa sikiliza kanuni ya kazi ile, maana bila hiyo huelewi. Ndege ikikaribia, gari la zimamoto hutoka bandani, likakaa pembeni mwa njia ya kurukia, injini inaunguruma. Halirudi mpaka ndege iguse ardhi, ipunguze mwendo, ikate kona. Ndipo dereva huandika: ndege imetua saa fulani, gari limerudi. Lakini kwenye uwanja mdogo, ndege moja kwa siku, mwaka hadi mwaka hakuna hata tairi lililopasuka, mtu huanza kuona kanuni ni ya wenye viwanja vikubwa. Siku baada ya siku Mzee Masikio akausikia mlio nyuma ya vilima, akajumlisha dakika tano, akaandika "imetua" kwenye daftari lake, akarudisha gari. Chai isipoe. Mkuu wake alikuwa akicheka tu. "Huyu bwana, ndege anazishusha kwa kalamu!"

Siku hiyo ya daftari la kijani, binti yao wa pekee alikuwa anarudi kutoka chuo. Baba yake alimwita Kidege tangu akiwa mchanga. Asubuhi mkewe alimshika shati. "Leo usinifanyie mambo yako ya zamu. Mtoto akitoka pale mlangoni, akukute umesimama na mimi."

"Atanikuta."

Akausikia mlio. Akajumlisha tano. Akaandika, akarudisha gari bandani, akavua ovaroli, akavaa shati jeupe, akakimbia hadi mlango wa wasafiri kumshika mkewe mkono. Walikuwa wamesimama hivyo, wanacheka, ndege ilipoanguka majanini kabla ya kufika mwanzo wa njia.

Haikuanguka vibaya. Hilo ndilo lililommaliza. Ilivunjika bawa, ikaanza kuungua taratibu upande mmoja. Rubani alitoka na watu wanne. Kwenye banda la zimamoto wenzake walipindua ofisi nzima wakitafuta ufunguo wa gari, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa suruali yake, huku yeye amesimama kama gogo, mke amemng'ang'ania mkono anapiga mayowe. Alipozinduka na kukimbia, gari likafika dakika kumi na moja baada ya ndege kuanguka. Daktari aliwaambia waziwazi kwamba Kidege hakuvunjika hata mfupa. Ni moshi.

Mkuu, kuwaokoa vijana wake, aliandika kwenye ripoti kwamba gari liligoma kuwaka. Mzee Masikio akamwambia mkewe kwamba siku ile alibadilishana zamu na mwenzake. Mkuu alikwenda kaburini na siri yake. Kwa miaka kumi na sita mama yule alilitemea mate gari la zimamoto kila lilipopita, na kila jioni alipoomba alimshukuru Mungu kwa jambo moja tu: "Saa ile ilinikuta nimekushika mkono. Ningekuwa peke yangu ningekufa palepale." Mumewe akaitikia amina. Amina gani ile, jamani! 

Na kwa nini hakuichana karatasi? Aliishika mara nyingi mno. Mkono ukakataa. Ule mstari ulikuwa mahali pekee duniani ambapo Kidege alifika salama.

Basi akaingia ukumbini, akajipenyeza kati ya watu, macho kwenye meza za maonyesho. Kulikuwa na picha za marubani, kofia, mizani kuukuu ya mizigo. Madaftari yamepangwa vizuri. Akahesabu. Ishirini na moja.

"Mzee! Njoo hapa, leo nimekukamata!" Ilikuwa sauti ya fundi saa, karibu na dirisha kubwa, daftari la kijani wazi mikononi. Mke wa mzee amesimama ubavuni mwake, miwani puani.

"Nipe hilo," mzee akasema.

"Subiri kwanza! Ndugu zangu, mtu huyu hajakosea miaka thelathini. Mimi kazi yangu ni saa, dakika haziniponyoki. Nimelinganisha na kumbukumbu za mnara. Mnara unasema hii iligusa ardhi saa nane na dakika kumi na tatu. Yeye hapa kaandika imetua kumi na mbili! Ndege bado iko juu, mzee ushaishusha!" Akacheka peke yake. "Na chini yake: gari limerudi bandani. Zamu: Masikio."

Hakuna mfanyakazi wa zamani aliyecheka. Mmoja akamvuta fundi saa kando, akamnong'oneza. Uso wa yule bwana ukasawijika, akaliweka daftari kwenye kizingiti cha dirisha kama kitu cha moto, akapotea kwenye watu.

Mkewe akageukia dirisha. Alikuwa anatazama nje. Ndege ya mwisho ilikuwa imewasha pangaboi, na pembeni mwa njia, pale panapostahili, gari la zimamoto limekaa, injini inaunguruma.

"Lile linangoja nini?" akauliza.

"Linangoja ndege iondoke salama. Ndiyo kanuni."

"Na ikiwa inatua?"

"Linangoja vilevile."

"Siku ile lilikuwa wapi?"

Mzee akafungua mdomo. Maneno aliyoyafanyia mazoezi miaka yote yakakimbia. "Bandani."

"Halikugoma."

"Halikugoma. Ufunguo nilikuwa nao mimi."

"Mkono upi?" mkewe akauliza, sauti ndogo, kama anayeuliza bei sokoni.

"Mfukoni. Mkono ulikuwa umeushika wewe."

Ndege ikakimbia, ikanyanyuka, watu wakapiga makofi na vigelegele. Mama yule aliutazama mkono wake, akaufuta kwenye gauni, akaufuta tena.

"Kama gari lingekuwa pale, mngefika baada ya dakika ngapi?"

"Usijitese, mama."

"Nimekuuliza."

"Mbili."

"Na mimi ndiye niliyekwambia uje usimame na mimi."

"Hapana. Wewe hukujua kanuni. Mimi nilijua."

 Mkewe akaugeukia ukuta, kwenye saa kubwa ya ukumbi ambayo fundi saa alikuwa ameirekebisha kwa heshima ya siku hiyo. Akaanza kuitazama. Mzee alidhani anatafuta cha kusema. Watu wakaja kuwaaga, mama hakugeuka. Mshale ukapita dakika moja, ukapita ya pili.

"Hapa ungekuwa umefika," akasema.

Mzee akataka kukaa.  Lakini mkewe alikuwa amesimama, naye akasimama. Ya tatu, ya nne. Wafagiaji wakaanza kukunja vitambaa vya meza. Ya sita, mtu akazima feni. Ya nane mzee akaanza kulia, na hakuna aliyemshika. Nje, gari la zimamoto likarudi bandani taratibu kwa mara ya mwisho, kazi yake imekwisha, na safari hii mama hakulitemea mate. Ya tisa. Ya kumi. Mkewe alikuwa anahema kwa mdomo, pumzi fupifupi, kama mtu aliye ndani ya chumba kisicho na hewa.

Ya kumi na moja ilipotimia, akavua miwani, akaikunja.

"Ni nyingi," akasema, akachukua mkoba wake na kutoka kwa mlango wa wasafiri.