Walioondoka Blackwall

Ghalia alifika kwenye mtihani akiwa hajalala. Mwanawe, Ziyad, aliruka Jumamosi kwenda Virginia kusoma shahada ya uzamili. Zainab, mdogo wake Ghalia anayeishi huko, alikwenda uwanja wa ndege kumpokea. Alisubiri mpaka abiria wa mwisho akatoka na sanduku lake. Ziyad hakutoka, na simu yake ikawa haipatikani.

Sasa ilikuwa Jumapili asubuhi, karibu na Mnara wa London, na Ghalia alitakiwa kuwatembeza wanafunzi wenzake na kuwaeleza jinsi majimbo ya Amerika yalivyoanzia mji huu. Akifaulu, angepata leseni ya kuongoza watalii na kupunguza zamu za kulea wazee kule Barking.

Msimamizi wa mtihani alikuwa Bhavini, mama wa Kigujarati kutoka mtaa wa Kingsbury, mzaliwa wa Nakuru.

"Simu zote zinazimwa," alisema.

Ghalia akamsogelea. "Bi Bhavini, mwanangu hajulikani alipo. Kashuka Virginia jana na hajatoka uwanjani. Nakuomba niiwache wazi."

Bhavini alimshika bega. "Pole sana. Iache wazi. Lakini ukiipokea katikati ya maelezo, itabidi niandike hukumaliza. Hapo sina uwezo."

"Nimefahamu."

Alianzia nje ya kanisa alikobatizwa William Penn. Alieleza kwamba Penn alipopewa ardhi ng'ambo alitaka iitwe Sylvania, yaani nchi ya misitu, na mfalme akatanguliza jina la Penn kwa heshima ya baba wa Penn, amiri wa jeshi la majini. Ndipo ikawa Pennsylvania. Sauti yake ilitoka sawa. Mkono wake wa kulia haukutoka mfukoni, umeishika simu.

Ndani ya treni ya kwenda Blackwall alimpigia Zainab.

"Maafisa wa uwanja wamenambia yuko ndani," Zainab alisema. "Hawakunambia zaidi ya hapo, dada. Nimerudi tena hapa uwanjani alfajiri hii."

"Ndani wapi?"

"Ndani tu."

Kule Blackwall, ukingoni mwa mto Thames, upo mnara wa kuwakumbuka walowezi wa kwanza wa Virginia. Upepo ulikuwa mkali. Ghalia akasimama kando ya mnara na kuanza. Meli tatu ziling'oa nanga hapa mwezi wa Disemba mwaka 1606, zikiwa na wanaume na wavulana tu, wengi wao wakitafuta dhahabu. Walijenga ngome kwenye kinamasi, maji ya kunywa yakiwa ya chumvichumvi, na kabla ya msimu wa baridi uliofuata karibu nusu yao walikuwa wamekufa.

Kamal, mwanafunzi mwenzake, akauliza, "Na wenyeji waliwapokea vipi?"

"Usiku wa kwanza waliwatupia mishale," Ghalia alisema. "Baadaye, walipowaona wanakufa njaa, waliwaletea mahindi. Ile ilikuwa nchi yao, ina watu wake na mtawala wake. Hakuna mgeni aliyeomba ruhusa ya kuingia. Halafu vikaja vita, na ardhi ikachukuliwa. Na haikupita miaka mingi, Waafrika wakashushwa pwani ile ile, wameuzwa."

Hapo alipaswa kuingia kwenye habari za Maryland na Georgia. Badala yake alijisikia akisema jambo ambalo hakulipanga.

"Meli zile zilipotoka hapa zilikwama pwani ya Kent, hapa hapa Uingereza, zaidi ya mwezi, upepo umezikataa. Huku nyumbani mama zao wanadhani watoto wameshafika mbali. Kumbe wako hapo hapo, hawaendi wala hawarudi. Na habari ya kwanza kutoka Virginia ilifika mwaka uliofuata, kiangazi."

Simu ikatetemeka.

Ghalia aliitazama namba asiyoijua. Akamtazama Bhavini. Bhavini akainamisha macho.

Akapokea.

"Mama, ni mimi." Ziyad alizungumza Kiingereza, kama kawaida yake, na Ghalia akamjibu Kiswahili.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Bado uwanjani, kwenye chumba cha wanaohojiwa. Jina langu kwenye karatasi za chuo halilingani na la pasipoti. Wanasema nikitaka, naweza kurudi London leo. Nisipotaka, nikae hapa mpaka chuo kifunguliwe kesho wathibitishe."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Wamekugusa?"

"Hapana. Baridi tu. Nifanye nini, mama?"

Neno *rudi* lilikuwa limeshamjaa mdomoni. Aliona tayari anavyompokea kesho, anavyompikia, anavyomfungia mlango.

"Mwenyewe unataka nini?"

"Nataka kusoma."

"Basi kaa. Ukishindwa, rudi, hapana atakayekusema."

Simu ikakatika. Ghalia alikaa kitako kwenye ngazi za mnara. Kamal akampa chupa ya maji. Bhavini akaja akaketi kando yake.

"Nimeandika hukumaliza," alisema taratibu. "Utarudia majira ya machipuko."

"Ahsante kwa kuniwacha nisikie sauti yake."

"Twende nikupeleke nyumbani."

Usiku ule ulikuwa mrefu, na Jumatatu ikawa ndefu zaidi. Mzee mmoja kule kazini alimwambia mara mbili kuwa chai haina sukari. Magharibi ilikuwa imeshaingia Zainab alipopiga.

"Yumo garini mwangu, dada. Wamemwachia. Kalala, mdomo wazi."

Ghalia aliegemea ukuta wa jiko.

"Muamshe," akasema.

"Mwache kidogo, kachoka."

"Muamshe, Zainab. Nataka kumsikia."