Tundu la Kunusia

Siku ya arobaini baada ya Aimé kutoweka kwenye barabara ya Marabo, pikipiki yake ilirudi Bunia, na mama yake akaenda kuifungulia lango.

Augustin, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyaona hayo kutoka karakana yake iliyolitazama lango hilo. Kabla ya kuiona pikipiki, aliusikia mlio wake: mluzi mwembamba, mrefu, kama mtu avutaye pumzi kupitia jino lililovunjika. Hapakuwa na chombo kingine mjini kilicholia hivyo. Mama Léontine alisimama langoni, kitambaa cha jikoni mkononi, na usoni mwake karipio na furaha vilikuwa vikigombea nafasi. Pikipiki ikapita. Aliyeipanda alikuwa na bunduki mgongoni, wala hakugeuza shingo.

Mwaka huo wa 2002 vita vilikuwa vimeugawa mji mtaa kwa mtaa, na watu walikuwa wamejifunza kusikiliza. Haukupita muda wakaujua mluzi ule: ukisikika, wenye silaha wanakuja. Akina mama waliwabeba watoto wakaingia migombani. Mama Léontine peke yake alikwenda kinyume. Kila ulipolia alitoka nje, akalifungua lango. Majirani walimsihi aketi matanga, amlilie mwanawe apate kupumzika. Yeye aliyefundisha shule miaka thelathini aliwajibu kwa sauti ile ile ya darasani:

"Nimlilieje mtu ambaye pikipiki yake ingali inapumua?"

Augustin aliinamisha kichwa kila aliposikia habari hiyo, kwa maana mluzi ule ulikuwa kazi ya mikono yake.

Aimé alikuwa amelinunua bomba la moshi kule Ariwara, jipya, liking'aa kama sufuria ya harusi. Ubavuni lilikuwa na pete nene ya chuma iliyochongwa hesi ndani, mfano wa nati, na katikati yake tundu wazi.

"Muuzaji alisema ng'ambo wanaweka kidude pale," Aimé alieleza. "Kinanusa moshi, kinajua ni hewa gani imebaki ndani."

"Na pikipiki yako iko na kidude?"

"Haina, Papa Augustin. Nimenunua pua bila mwenye kunusa!"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Augustin alijaribu boliti zote alizokuwa nazo, hakuna iliyokubali. Mwishowe alichukua buji kuukuu, ile itoayo cheche katika injini, ya lori lililozeeka tangu enzi ya wakoloni. Hesi zikaingia kana kwamba zilizaliwa pamoja. Mwezi mmoja baadaye mawe ya barabarani yaliivunja kaure ya buji, ikabaki njia nyembamba katikati yake, na moshi ukaanza kupiga mluzi. Augustin alitaka kuibadilisha. Aimé akakataa. Alisema mama hupasha chakula moto akimsikia kwenye kona.

Siku ya hamsini, asubuhi, mluzi haukupita. Ulikuja ukasimama mbele ya karakana.

"Muzee, weye ndiye fundi?" Mwenye bunduki alishuka. Tangi lilikuwa limepakwa rangi nyeusi, lakini buji ilikuwa pale pale katika ubavu wa bomba. "Funga hii kitu. Batu banaisikia mbali, banakimbia. Tukifika, nyumba zote ziko tupu. Leo jioni tuko na kazi ng'ambo ya mto. Sitaki mutu asikie."

Augustin aliinama, akalipapasa bomba. "Ni bomba zuri. Ulilipata wapi?"

"Kwa mutu mumoja ya Marabo." Mtu yule akatabasamu. "Hahitaji tena." Kisha akachomoa risasi moja kiunoni, akaisimamisha juu ya meza. "Na ufunge na risasi. Nataka waseme pikipiki yangu inakula masasi. Nitarudi saa kumi. Ikilia tena, muzee, unajua."

Mwenye bunduki alipokwisha kwenda kwa miguu, pikipiki akiiacha, Augustin alivuka barabara. Mama Léontine alikuwa tayari langoni.

"Imesimama kwako," alisema. "Kwa nini hashuki aje?"

"Mama Aimé, tuketi."

"Sema nikiwa nimesimama."

Alimwambia yote, neno kwa neno, kwa kuwa alijua hangekubali muhtasari. Midomo ya Mama Léontine ilijongea kama ya mtu anayesahihisha daftari.

"'Hahitaji tena,'" alirudia. "Aliye hai huhitaji pikipiki yake, Augustin."

"Ndiyo, mama."

"Nikikuomba uufunge mluzi ule, utaufunga?"

"Nitaufunga kwa chuma, hautalia tena kamwe. Utapumzika. Lakini jioni, watu wa ng'ambo..."

"Sikukuuliza habari za watu wa ng'ambo. Ninawajua. Nimewafundisha kusoma." Aliushika mwimo wa lango. "Alisema ufunge kwa kitu gani?"

"Kwa risasi. Majivuno tu."

"Risasi ina maana mbili. Ipo ile ya bunduki, na ipo ile ambayo ni madini, laini, ya kijivu. Wanafunzi wangu walikuwa wakiisahau ya pili." Alimtazama kwa macho makavu. "Moto ukiikuta, hufanyaje?"

Augustin alielewa.

Aliivunja betri kuukuu, akayeyusha risasi yake katika kopo, akaimimina ndani ya buji ya Aimé mpaka ikajaa. Juu yake alikita ncha ya risasi ya bunduki, iking'aa kama kito cha pete. Saa kumi mwenye bunduki aliiwasha pikipiki ingali baridi, ikanguruma bila mluzi. Akacheka, akampiga Augustin begani, akaondoka.

Augustin na Mama Léontine walisimama langoni wakisikiliza. Ngurumo iliteremka, ikazunguka mtaa mzima ikikusanya wenzake, ikaelekea mtoni. Kimya. Augustin aliomba kimoyomoyo bomba liwe limepata moto wa kutosha kuiyeyusha risasi ile.

Ndipo ukasikika, mwembamba, mrefu, ukipanda kutoka bondeni. Baada yake milango ikabamizwa ng'ambo, na sauti za wanawake zikawaita watoto kwa majina, moja baada ya nyingine, zikizidi kwenda mbali.

Mwili wa Mama Léontine ulitangulia hatua moja kuelekea barabarani, kwa mazoea. Akaurudisha. Akalifunga lango, akatia komeo, akatandika mkeka uani, akaketi chini kama waketivyo waliofiwa.

"Chukua vyombo vyako uende, Augustin. Atarudi kukutafuta."

"Na weye, mama?"

"Mimi nina matanga," alisema. Na mluzi wa mwanawe ukiwa bado unalia ng'ambo ya mto, alianza kumlilia.